Tairi la Kwenda na Tairi la Kusimama

Ilikuwa asubuhi ya baridi. Taa ilikuwa imeshageuka nyekundu, na mimi nilikuwa nimeshakanyaga breki. Mwendo haukuwa mkubwa, kilomita 30 kwa saa hivi. Pedali ilitetemeka chini ya mguu wangu, ule mtetemo wa ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasigande wakati wa breki, inapofanya kazi yake, lakini gari likaendelea kwenda. Halikuyumba wala halikupiga kelele. Lilikwenda tu, taratibu, limenyooka, likavuka mstari mweupe, likavuka alama za waenda kwa miguu, likasimama katikati ya njia panda. Mwanangu alikuwa kiti cha nyuma, upande wa kulia, ananisimulia habari za shule. Hakujua kilichotokea. Dereva aliyekuwa akija kutoka kulia aliniona mapema, akangoja. Angekuwa na haraka asubuhi ile, angetugonga ubavuni, pale pale alipoketi mtoto.

Nilipofika shuleni nilishuka, nikainama kukagua tairi la mbele. Nilitegemea kukuta kipara. Halikuwa kipara. Matairi yale hayakuwa yametimiza hata mwaka, kashata zake, yale matofali ya mpira yanayokanyaga barabara, zilikuwa nene, upepo nilikuwa nimejaza mwenyewe siku mbili kabla. Nikabonyeza kashata moja kwa ukucha. Ilikuwa ngumu kama kisigino cha kiatu. Wakati wa joto, mpira ule ule ulikuwa ukibonyea kidogo chini ya kidole.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa jambo ambalo mpaka siku ile nilikuwa nalisikia nikilipuuza. Nilidhani matairi ya majira ya baridi ni ya watu wanaokaa milimani, wanaolazimika kulikwamua gari kwenye theluji inayofika magotini. Kwa kifupi, nilidhani ni matairi ya kwenda. Barabara yetu husafishwa, gari langu halijawahi kukwama, basi nikajiona sihusiki. Sikuwahi kujiuliza kuhusu kusimama.

Tairi la kawaida la majira ya joto limetengenezwa kwa mpira unaovumilia lami ya moto bila kulainika kupita kiasi. Mpira huo ukipoa, hukakamaa. Mafundi na watengenezaji hutaja nyuzijoto 7 kama mpaka wa kukumbuka: chini ya hapo, tairi la joto huanza kupoteza uwezo wake wa kushika barabara, hata kama hakuna theluji wala barafu yoyote. Hakuna mstari uliochorwa pale kwenye 7. Mabadiliko huja polepole, na hutofautiana kati ya tairi na tairi. Lakini namba yenyewe inafaa, kwa sababu inakufanya uangalie kipimajoto badala ya kungoja theluji. Mpira wa tairi la baridi huchanganywa kwa namna nyingine, wenye mpira wa asili na silika, unga wa madini uliomo pia kwenye mchanga, kwa vipimo vinavyoufanya ubaki laini kwenye baridi. Ulaini huo ndio unaouwezesha kuzama ndani ya vinyweleo vya lami na vya barafu na kung'ang'ania. Kila tairi linagusa barabara kwa eneo linalolingana na kiganja chako. Viganja vinne, na gari zima juu yake.

Niliporudi nyumbani nilichukua karatasi nikapiga hesabu. Ni fizikia ya shule tu, lakini ilinikalisha kimya. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa kwenye lami kavu, lenye mshiko mzuri, linahitaji kama mita 12 kusimama tangu breki zinapoanza kushika. Kwenye theluji iliyoshindiliwa, mshiko ukishuka hadi theluthi moja hivi, unahitaji zaidi ya mita 30. Kwenye barafu laini, ambapo mshiko unaweza kushuka hadi sehemu ya kumi ya uzito wa gari, unahitaji karibu mita 100. Punguza mwendo uwe nusu, kilomita 25, na umbali unashuka hadi robo, kama mita 25. Hesabu hiyo haina tairi la ajabu ndani yake. Tairi la baridi haliigeuzi barafu kuwa lami. Linachofanya ni kuongeza mshiko ule mdogo uliopo, na kwa kuwa umbali wa kusimama unagawanywa kwa mshiko, nyongeza ndogo inaokoa mita nyingi. Mimi nilikuwa nahitaji mita tano tu.

Shemeji yangu ana gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne. Nilipomweleza, akanijibu kwa upole, "Shemeji, mimi hilo halinipati. Langu linavuta kwa miguu yote." Nikamuuliza, "Na likisimama, linasimama kwa miguu mingapi?" Akanyamaza. Kila gari linafunga breki kwa magurudumu manne, liwe dogo, liwe kubwa, liwe linavuta mbele au nyuma. Mvuto wa magurudumu yote unasaidia kuondoka na kupanda kilima. Wakati wa kukanyaga breki hauna cha kuongeza, na kwa kuwa magari hayo huondoka kirahisi, dereva hapewi onyo. Hilo linanitisha kuliko gari dogo linalohangaika kutoka kwenye maegesho, kwa sababu lile dogo limekwambia mapema kwamba leo kuna utelezi.

Basi nikaanza kutafuta. Niligundua haraka kwamba jina "matairi ya baridi" linafunika vitu vitatu vinavyotofautiana sana.

Kuna tairi la baridi la nchi ambazo baridi yake ni mvua, tope la theluji, na lami yenye unyevu kwenye nyuzi mbili tatu. Hilo lina mifereji mipana ya kutoa maji, mpira wake ni mgumu kidogo, linavumilia mwendo wa barabara kuu. Kuna tairi la kaskazini lisilo na njumu, laini zaidi, lililoundwa kwa theluji ya kudumu na barafu. Na kuna lenye njumu, yaani vipande vidogo vya chuma vilivyopandikizwa kwenye kashata ili vichome barafu. Mtu akikwambia "nunua tairi la baridi" bila kukuuliza unaendesha wapi, hajakushauri bado. Tairi la kaskazini kwenye lami yenye maji na nyuzi 8 linajisikia kama unaendesha juu ya godoro, na umbali wake wa kusimama pale ni mrefu. Tairi la mvua na tope, likipelekwa kwenye barafu iliyong'arishwa na magurudumu ya wengine, litakuacha pale pale liliponiacha lile la joto, au karibu na hapo.

Swali lililonisaidia lilikuwa hili: saa yangu mbaya kuliko zote barabarani ni ipi? Sikutazama siku za kawaida, kwa kuwa siku nyingi za msimu barabara yangu ni lami tupu, na ningezifuata ningeishia kwenye tairi jepesi. Saa yangu mbaya ni alfajiri, mtoto yuko nyuma, nyuzi ziko karibu na sifuri, usiku theluji iliyeyuka ikaganda tena. Na kwenye sifuri ndiko barafu inakoteleza zaidi. Wengi hudhani kadiri baridi inavyozidi ndivyo utelezi unavyozidi. Ni kinyume. Kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri barafu ni kavu na ina mshiko kidogo. Karibu na sifuri ina utando wa maji juu yake, na tairi linaelea. Basi nikajua natafuta tairi la barafu, na nikakubali litakuwa na kelele kidogo na ulegevu kidogo siku za lami kavu.

Ukilitazama tairi la aina hii kwa karibu utaona kashata zake zimechanjwa chale, mamia ya mikato myembamba inayopinda kama mawimbi. Nilipenda kujua zilikotoka. Mwaka 1923 Mmarekani John Sipe alipata hataza ya kukata mikato kama hiyo kwenye tairi, na inasimuliwa kwamba alianza na soli za viatu vyake mwenyewe, kwa sababu alifanya kazi kwenye machinjio yenye sakafu ya utelezi. Kila chale inapofunguka juu ya barafu huongeza kingo mbili za kukwaruza, na hufyonza sehemu ya ule utando wa maji. Mifereji mikubwa ina kazi nyingine: hushindilia theluji ndani yake na kuibeba. Hapo mwanzo nilidhani tairi zuri ni lile linalojisafisha haraka. Kwenye matope ni kweli. Kwenye theluji, theluji hushikana na theluji, kama mtoto anavyofinyanga donge mkononi, na tairi lililobeba theluji kwenye mifereji hushika vizuri kuliko lililo tupu.

Wafini ndio walioanza mapema kulichukulia tairi la baridi kama chombo cha pekee. Kampuni yao, ambayo leo inaitwa Nokian Tyres, ilitoa Kelirengas kwa ajili ya malori mwaka 1934, na miaka miwili baadaye ikatoa tairi la magari madogo lililobeba jina la Hakkapeliitta. Huko Japani, Bridgestone ilitoa Blizzak mwaka 1988, lenye mpira wa vitundu vidogo vinavyofyonza maji juu ya barafu. Wakati ule Japani ilikuwa ikisumbuliwa na vumbi: njumu za matairi zilikuwa zikiisaga lami, na watu mijini wakivuta vumbi lake. Mwaka 1990 nchi hiyo ikapitisha sheria ya kuzuia vumbi hilo.

Suala hilo la njumu lilinichukua wiki nzima. Kwenye barafu tupu yenye unyevu, njumu bado zina nguvu ambayo mpira peke yake haijaifikia. Angekuwa mama yangu ndiye anayeendesha kila siku kwenye barabara ya kijijini isiyomwagiwa chumvi, ningemnunulia njumu bila kufikiri mara mbili. Lakini barabara zangu nyingi ni za mjini, humwagiwa chumvi, na lami huonekana mchana. Njumu kwenye lami hupiga kelele, huchimba barabara, na hurusha vumbi ambalo watoto wanaotembea kando ya barabara ndio wanaolivuta. Nchi kadhaa zimezipiga marufuku au zinazitoza ada, hivyo soma sheria ya kwenu kabla hujalipa, na sheria ya jirani kama huvuka mpaka. Mimi niliziacha.

Kisha alama za ubavuni. Hapa ndipo watu wengi hupotezwa. Herufi M+S maana yake ni matope na theluji, lakini mtengenezaji anaziweka mwenyewe kwa kuangalia umbo la kashata. Tairi halikulazimika kufaulu mtihani wowote. Alama ya kutafuta ni mlima wenye vilele vitatu na ndani yake chembe ya theluji. Ilianza kutumika Marekani na Kanada mwaka 1999, na inatolewa kwa tairi lililojaribiwa kwenye theluji na kulishinda tairi la kulinganishia kwa kiwango kilichowekwa. Ujerumani ilishaacha kuikubali M+S peke yake. Tangu Oktoba 2024 kinachohesabika ni mlima. Lakini hata mlima huo ni mtihani wa theluji, hauzungumzii barafu. Ndiyo maana nilifurahi kukuta kwamba lebo ya matairi ya Umoja wa Ulaya, ile iliyoanza Mei 2021, inaweza kuwa na alama ya ziada ya mshiko kwenye barafu. Ukiwa na saa mbaya kama yangu, hiyo ndiyo alama ya kuitafuta. Ujue pia kwamba lebo hiyo hupima mshiko kwenye lami yenye maji, na matairi laini ya kaskazini hupata daraja la chini hapo. Nilipoliona tairi nililolichagua lina daraja dhaifu la maji nilishtuka, kisha nikakumbuka limeundwa kwa ajili gani.

Vipimo ni kazi ya dakika tano. Kwenye gari langu imeandikwa 205/55 R16: upana wa milimita 205, kimo cha ubavu asilimia 55 ya upana huo, rimu ya inchi 16. Baada yake kuna namba ya mzigo na herufi ya mwendo. Namba 91 ni kilo 615 kwa tairi. Hiyo usishuke chini yake hata kidogo, hasa kwa magari ya umeme ambayo betri zake ni nzito. Herufi ya mwendo, T kwa kilomita 190 au H kwa 210, nchi nyingi za Ulaya zinaruhusu ishuke kwa matairi ya baridi, mradi uweke kibandiko mbele ya dereva kinachomkumbusha kikomo.

Fundi niliyemwendea, mzee asiye na maneno mengi, aliniuliza kama nina kitabu cha gari. Akakipekua, akaniwekea kidole kwenye mstari mmoja. "Mama, gari lako linakubali 195/65 R15. Chukua hiyo." Nikapiga hesabu: kimo cha gurudumu zima kinatofautiana kwa milimita mbili na nusu tu, basi spidomita haidanganyi. Tairi jembamba hukata tope la theluji hadi chini badala ya kupanda juu yake, ubavu mrefu huvumilia mashimo yaliyofichwa na theluji, na tairi dogo kwa kawaida ni nafuu. Akaniongezea rimu za chuma. Mwanzoni nilidhani ananiuzia zaidi ya ninachohitaji, lakini tairi linalovuliwa kwenye rimu na kuvishwa tena mara mbili kila mwaka huchoka kingo zake, na kila mara unalipia kazi ile. Leo nabadilisha magurudumu mwenyewe kwa jeki na spana. Sharti moja tu: hakikisha rimu ndogo haigusi breki. Ndiyo maana alikifungua kitabu kwanza.

Kuna jambo moja nalisema kwa sauti kubwa kuliko mengine. Kabla ya mzee huyo nilipita kwa muuzaji mwingine aliyeniambia kwamba gari linalovuta mbele linahitaji matairi mawili tu ya baridi, ya mbele. Nilikaribia kukubali, maana ni nusu ya gharama. Nilipomweleza mzee, aliweka spana chini. "Ukikanyaga breki kwenye kona, mbele itashika. Nyuma je?" Nyuma itateleza, itataka kuipita mbele, na gari litazunguka. Gari linaloshindwa kukata kona linakwenda mbele, unakoona. Gari linalozunguka linakwenda mgongo, ubavu, popote. Matairi mawili ni hatari kuliko kukosa kabisa, kwa sababu yanakupa ujasiri wa mbele ambao nyuma hauna. Nunua manne yanayofanana. Kama huwezi manne mwaka huu, ni heri kuliegesha gari siku za barafu.

Kuhusu yaliyotumika, sina mengi. Tafuta namba nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni: 2322 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2022. Mpira wa tairi la baridi huzeeka na kukakamaa hata likikaa stoo, na likishakakamaa, umenunua tena lile tairi la joto nililokuwa nalo njia panda. Pima pia kina cha kashata. Jipya huwa na milimita 8 au 9. Nchi nyingi zinaruhusu hadi 1.6, Austria inataka 4 kwa matairi ya baridi, na mimi nawafuata Waaustria. Chini ya hapo chale nyingi zimeshafikia mwisho wake na mifereji haina pa kubeba theluji.

Nilifungiwa yangu kabla ya theluji ya kwanza. Kungoja theluji ianguke ndipo ukimbilie kwa fundi ni kupanga foleni na mji mzima, na kuendesha hadi huko kwa matairi yale yale unayoyakimbia. Mzee aliniambia niende polepole kilomita mia chache za mwanzo ili mpira ufunguke, nikaze nati tena baada ya kilomita 50 hadi 100, na nipime upepo nje, asubuhi, gari likiwa limelala. Hili la mwisho sikulijua. Ukijaza psi 32 (psi ni kipimo cha upepo wa tairi) ndani ya gereji yenye nyuzi 20, nje kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri utakuta kama psi 27, bila tundu lolote. Hewa imesinyaa tu.

Siku ya kwanza ya barafu nilikwenda kwenye maegesho matupu, mtoto akiwa shule, nikajaribu. Kilomita 20, breki. Kilomita 30, breki. Pedali ilitetemeka kama siku ile, lakini safari hii nilihisi gari likishika, likiachia, likishika tena, pua yake ikiinama mbele. Nilirudia labda mara kumi, kwa sababu nilitaka mguu wangu ujue umbali, siyo kichwa peke yake. Nimekuwa nikirudia hivyo kila mwanzo wa msimu tangu hapo.

Yanapovuliwa, nayaosha chumvi, nayakausha, nayalaza juu ya rimu zake mahali penye giza na ubaridi, mbali na jua na mafuta. Kabla ya kuyapanga, mwanangu huchukua chaki akaandika juu ya kila moja lilikokuwa na kina nilichompimia. Msimu huu ameandika: mbele kushoto 6, mbele kulia 6, nyuma kushoto 7, nyuma kulia 7.